James Lind na mabaharia 12 wa kiseyeye

Watu wakisikia dawa imejaribiwa kwa wagonjwa wachache, huguna. Wachache hao watathibitisha nini? Basi na tumtazame James Lind, aliyezaliwa Edinburgh, Uskoti, mwaka 1716, akaingia jeshi la majini la Uingereza mwaka 1739 akiwa msaidizi wa tabibu.

Zama hizo kiseyeye kiliua mabaharia kuliko mizinga. Fizi huoza, meno hulegea, vidonda vya zamani hufumuka. Kila tabibu alikuwa na dawa yake. Hata hapa kwetu, Vasco da Gama alipofika Mombasa mwaka 1498 na wagonjwa wake, mfalme aliwapelekea machungwa na malimau, wakapona. Mwandishi wa safari akaisifu hewa ya mji! Hakukuwa na wa kuwalinganisha nao.

Mei 1747, ndani ya meli Salisbury, Lind alichukua wagonjwa 12 tu wenye hali zinazofanana. Akawalaza mahali pamoja, akawalisha chakula kimoja, ili tofauti iwe ni dawa peke yake. Akawagawa wawili wawili: siki, maji ya bahari, kileo cha tufaha, matone ya asidi, mchanganyiko wa kitunguu saumu na haradali, na wawili wakapewa machungwa mawili na limau moja kila siku. Matunda yaliisha siku ya sita. Kufikia hapo mmoja alishafaa kurudi kazini, na mwenzake akawekwa kuwauguza waliobaki.

Wawili kwa wawili hawatoshi kuonyesha tofauti ndogo. Mtu hupona kwa kudra ya Mola tu. Lakini dawa yenye nguvu kubwa, ikipimwa kwa watu waliolinganishwa vizuri, haijifichi. Ndiyo maana leo maradhi adimu huweza kutafitiwa, hata mara nyingine kwa mgonjwa mmoja anayepewa dawa mbili kwa zamu, akalinganishwa na nafsi yake.

Kuna upande wa kusikitisha. Kitabu cha Lind cha 1753 kilifukia matokeo hayo katika kurasa chache, na mwenyewe hakuamini kwamba kukosa matunda ndiko chanzo. Alishauri maji ya matunda yachemshwe ili yadumu. Moto ukayaua nguvu. Akatumikia hospitali ya Haslar tangu 1758 hadi 1783, akafariki 1794. Mwaka uliofuata, miaka 48 baada ya wale wawili kupona, jeshi likaanza kuwapa mabaharia maji ya limau.