Pierre Magnol, Mtaalamu wa Mimea

Pierre Magnol alizaliwa mwaka 1638 katika mji wa Montpellier, Ufaransa. Baba yake alitengeneza dawa, na siku zile dawa nyingi zilitokana na mimea. Pierre alisomea udaktari, akahitimu mwaka 1659, lakini alipenda mimea zaidi.

Elimu alikuwa nayo, ila alinyimwa kazi ya kufundisha chuo kikuu kwa kuwa alikuwa Mprotestanti. Hata hivyo aliendelea kukusanya mimea na kuichunguza. Mwaka 1685 mfalme alipiga marufuku dhehebu lake, naye Magnol akaingia Ukatoliki. Mwaka 1694 ndipo alipofanywa profesa, naye tayari ni mtu mzima wa makamo.

Mwaka 1689 alitoa kitabu kilichoipanga mimea katika jamii 76, kwa kuangalia mizizi, mashina, maua na mbegu. Nasi tusemapo kwamba maharage, kunde na karanga ni jamii moja, twafuata njia hiyo.

Mwaka 1703 Charles Plumier, Mfaransa mwenzake, aliuita mti mmoja wa kisiwa cha Martinique magnolia, kwa heshima yake. Magnol alifariki mwaka 1715. Siku hizi miti ya magnolia, mingi ikitoka Asia na Amerika, hupandwa bustanini kwa ajili ya maua yake makubwa.