Marehemu Mzee Rashidi Kawawa: Kiongozi wa Wafanyakazi Aliyeshika Serikali

Ndugu wasomaji, wazee wa shule hii pamoja na vijana mlio madarasani leo, katika ukurasa huu wa maisha ya watu mashuhuri tunamkumbuka marehemu Mzee Rashidi Mfaume Kawawa. Wengi mnamfahamu kwa jina la Simba wa Vita. Wachache mnakumbuka kwamba kabla ya kuwa simba wa serikali alikuwa karani aliyewatetea makarani wenzake. Habari hiyo inatuhusu sana sisi watu wa Rungwe, kwa sababu wilaya yetu imetoa vibarua kwa miaka mingi. Babu zetu walikwenda kuchimba dhahabu Lupa, wengine wakavuka mpaka kwenda migodi ya shaba, na wengine wakafika hata Afrika Kusini. Waliobaki walichuma chai mashambani. Nani wa kumsemea mtu wa namna hiyo mbele ya tajiri, na hata mbele ya serikali yake mwenyewe, ndiyo hoja iliyotawala maisha ya Mzee huyu.

Rashidi Kawawa alizaliwa mwaka 1926 huko Matepwende, katika nchi ya Songea. Alisoma Liwale, akaendelea Dar es Salaam, kisha akafika Shule ya Serikali ya Tabora, shule ile ile aliyosoma Mwalimu Nyerere. Inasimuliwa kwamba angeweza kuendelea na masomo Makerere, lakini akachagua kuanza kazi ili asaidie kuwasomesha wadogo zake. Aliajiriwa serikalini kama karani, baadaye akaingia idara ya ustawi wa jamii. Huko alipata sifa nyingine ambayo vijana wa leo hawaitegemei: alicheza katika filamu ya Muhogo Mchungu, mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Akiwa kazini alichaguliwa kuwa Rais wa chama cha watumishi Waafrika wa serikali, TAGSA. Wakati huo Mwafrika na Mzungu waliweza kukaa ofisi moja huku mishahara yao ikipishana kama mlima na bonde. Oktoba 1955 vyama mbalimbali vya wafanyakazi viliungana vikaunda Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika, yaani TFL, na Kawawa akawa Katibu Mkuu wake wa kwanza. Mtumishi wa serikali ya kikoloni hakuruhusiwa kujiunga na chama cha siasa. Mwaka 1956 Kawawa aliacha kazi yenye mshahara wa hakika ili awe huru kuwatumikia wafanyakazi na TANU. Mwaka 1957 aliingia Baraza la Kutunga Sheria.

Katika miaka hiyo TFL na TANU zilikuwa kama mapacha. Mgomo ulipozuka TANU ilisaidia, na TANU ilipohitaji watu wa kufanya kampeni, vyama vya wafanyakazi viliwatoa. Lakini mapacha nao hugombana. Mwaka 1960 wafanyakazi wa reli, wakiongozwa na Kasanga Tumbo, waligoma kwa siku 82. Uhuru ulikuwa mlangoni, na swali likawa kubwa: serikali ikishakuwa yetu wenyewe, je, mfanyakazi ataendelea kuigomea?

Jibu lilimwangukia Kawawa mwenyewe. Januari 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili akakijenge chama, na Kawawa akashika nafasi hiyo. Mwaka huo huo serikali yake ilipitisha sheria mpya za kazi. Mgogoro wowote sasa ulipaswa kupita kwanza katika usuluhishi na baraza la uamuzi, na mgomo halali ukawa jambo gumu kupatikana. Watumishi wa serikali wa ngazi za juu walikatazwa kuwa wanachama wa vyama vya wafanyakazi. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba wafanyakazi wa mshahara ni wachache na wakulima ni wengi, kwa hiyo haifai wachache wavute blanketi lote upande wao. Haki inatudai tuseme pia kwamba wakati huo huo serikali iliweka kima cha chini cha mshahara, na wafanyakazi wengi wa chini wakaona tofauti mifukoni mwao.

Wenzake wa zamani hawakukubali wote. Tumbo, aliyekuwa amepelekwa London kuwa balozi, alijiuzulu na kuunda chama cha upinzani. Victor Mkello, kiongozi wa wafanyakazi wa mashamba ya mkonge na mengineyo, mwaka 1963 alipelekwa Sumbawanga kwa amri ya serikali, mbali na wanachama wake. Januari 1964 askari waliasi Dar es Salaam, na serikali ikawakamata viongozi wengi wa wafanyakazi. Mwezi uliofuata TFL ilifutwa kwa sheria. Mahali pake kikawekwa chama kimoja, NUTA, ambacho Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais wa nchi. Aliyeteuliwa, Michael Kamaliza, alikuwa pia Waziri wa Kazi. Mtu mmoja alikaa pande zote mbili za meza.

Kwa mfanyakazi wa kawaida mambo yalikuwa mchanganyiko. Sheria ya mwaka 1964 ilimzuia mwajiri kumfukuza mtu kama anavyofukuza kuku, na akiba ya uzeeni ikaanzishwa. Ada ya chama ilikatwa moja kwa moja kwenye mshahara, lakini sauti ya kuuliza inakokwenda ilipungua. Ulipotoka Mwongozo wa TANU mwaka 1971, ukiwakemea viongozi wenye kiburi na ubwana, wafanyakazi wa viwandani waliushika kwa mikono miwili. Waligoma na kuwafungia nje mameneja wao. Kawawa, aliyekuwa Makamu wa Pili wa Rais na tangu 1972 Waziri Mkuu tena, sasa alikuwa upande wa kuwarudisha kazini wanaogoma.

Nasi Rungwe tulionja mkono huo kwa njia nyingine. Ushirika wa kahawa na mpunga ulikuwa na mizizi hapa tangu ukoloni, enzi ambazo Kyela ilikuwa bado ndani ya wilaya yetu. Mwaka 1976, Kawawa akiwa Waziri Mkuu, vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchi nzima, na ununuzi wa mazao ukaachiwa vijiji na mamlaka za mazao. Mwaka 1982 sheria ilibidi kuvirudisha. Chombo cha wanachama ni rahisi kukivunja kwa siku moja, lakini kukijenga upya huchukua miaka.

Mzee Kawawa baadaye alikuwa Waziri wa Ulinzi wakati wa vita vya Kagera, kisha Katibu Mkuu wa CCM. NUTA iligeuka JUWATA, jumuiya ya chama tawala, na katika miaka ya 1990 wafanyakazi wakaanza tena kupata vyama vyao wenyewe. Sheria ya mwaka 2004 ilitamka wazi haki ya kugoma, kwa kufuata taratibu. Mzee aliyaona hayo yote kabla ya kufariki Muhimbili tarehe 31 Desemba 2009. Alizikwa Madale, Dar es Salaam, na hata waliompinga walikiri kwamba hakutumia madaraka kujitajirisha.

Vijana, kesho baadhi yenu mtakuwa mameneja, wakuu wa wilaya, hata mawaziri. Wengine mtakuwa walimu na wachuma chai. Kawawa alikuwa mtu mwadilifu, na bado alipobadili kiti aliiona meza kwa upande mwingine. Kwa hiyo haitoshi kuomba viongozi wema. Mfanyakazi anahitaji chama anachokichagua mwenyewe, kinachoweza kusema hapana hata kwa rafiki aliye madarakani.

Mungu amlaze mahali pema.