Joseph Murumbi: Makamu wa Rais aliyeziokoa nyaraka zisipotee

ANAYETAFUTA habari za Makamu wa pili wa Rais wa Kenya katika hifadhidata ya nyaraka za zamani hana budi kujua kwanza kwamba kiongozi huyo alikuwa na majina mawili. Akiandika Murumbi pekee katika kisanduku cha kutafutia, huenda nusu ya kwanza ya maisha yake isijitokeze kabisa. Akiandika Zuzarte pekee, atampata karani kijana na kumkosa waziri.

Hayati Joseph Zuzarte Murumbi alizaliwa Juni 18, 1911, Eldama Ravine katika Bonde la Ufa. Babake, Peter Zuzarte, alikuwa mfanyabiashara Mgoa. Mamake alikuwa Mmaasai, binti ya laiboni aliyeitwa Murumbi. Utawala wa kikoloni, ambao ulimpangia kila mtu mahali pa kuishi, shule na mshahara kulingana na rangi yake, haukuwa na safu katika madaftari yake ya kumwandikia mtoto kama huyo.

Angali mdogo alipelekwa India kusoma, akarejea Kenya katika miaka ya 1930 na kuajiriwa kazi za ukarani. Mnamo 1941, majeshi ya Uingereza yalipoiteka Somalia kutoka kwa Waitaliano, alikwenda Mogadishu kuutumikia utawala mpya wa kijeshi, na huko akakaa takriban miaka 10. Kazi ya karani ilimfunza jambo ambalo wanasiasa wengi wa kizazi chake hawakulijali: barua ni mali, na faili iliyowekwa pasipo mahali pake ni sawa na faili iliyochomwa.

Alirudi nyumbani siasa zikiwa zimechacha. Oktoba 1952 hali ya hatari ilitangazwa, na viongozi wa chama cha KAU wakatiwa mbaroni. Murumbi, aliyekuwa mgeni chamani, alijikuta akikaimu wadhifa wa katibu mkuu na kusaidia kuandaa utetezi wa Jomo Kenyatta na wenzake. Katika siasa alijulikana kwa jina la upande wa mamake. Mwaka wa 1953 aliondoka nchini kwenda kuitetea Kenya ng'ambo, na hakurejea hadi 1962.

Sehemu kubwa ya miaka hiyo aliishi London, akitumikia vuguvugu lililopigania uhuru wa makoloni na baadaye akifanya kazi katika ubalozi wa Morocco. Ni huko alikokutana na Sheila, mkutubi Mwingereza aliyekuja kuwa mkewe. Ni huko pia alikozidi kukusanya vitabu, ramani, magazeti, stempu na barua zilizohusu Afrika, akivinunua katika maduka ya vitu vikuukuu kila alipopata vijisenti.

Baada ya uhuru nyota yake ilipaa haraka. Alikuwa Waziri wa Mashauri ya Kigeni kuanzia 1964, na Mei 1966 Rais Kenyatta alimteua kuwa Makamu wake kuchukua mahali pa Jaramogi Oginga Odinga. Hata mwaka haukuisha kabla hajaondoka mamlakani. Daniel arap Moi alishika wadhifa huo Januari 1967.

Sababu zilizotajwa hadharani hazikuwaridhisha wengi wakati huo, wala haziridhishi sasa. Waliomfahamu walijua jinsi alivyoumizwa na kifo cha rafiki yake wa dhati, Pio Gama Pinto, aliyepigwa risasi Februari 24, 1965, karibu na nyumba yake mtaani Westlands. Pinto alizikwa katika makaburi ya City Park, Parklands. Murumbi hakurudi tena katika siasa za vyeo.

Akiwa nje ya serikali aliongoza kampuni ya sigara ya Rothmans nchini, na mwaka wa 1972 yeye na Mmarekani Alan Donovan walianzisha African Heritage, duka na ukumbi wa sanaa za Kiafrika jijini Nairobi. Lakini nyumba yake ya Muthaiga ndiyo iliyokuwa hazina halisi. Wanunuzi wa kigeni waliimezea mate mikusanyo yake. Alikataa, akaiuzia serikali ya Kenya katika miaka ya 1970 kwa matumaini kwamba nyumba hiyo ingegeuzwa kituo cha taaluma za Kiafrika.

Kituo hicho hakikujengwa. Nyumba iliachwa ikachakaa, na bustani aliyoipanda kwa mikono yake ikaharibiwa. Vitabu na nyaraka, kwa bahati njema, vilihamishiwa katika Jumba la Nyaraka za Kitaifa, lililokuwa benki zamani, kwenye Barabara ya Moi. Miongoni mwavyo ni vitabu adimu takriban 8,000 vilivyochapishwa kabla ya mwaka wa 1900. Yeye mwenyewe aliwahi kukaimu uenyekiti wa taasisi hiyo.

Kuhifadhi, hata hivyo, ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumwezesha msomaji kukifikia anachokitaka, na hapo ndipo mafundi wa tarakilishi wanapaswa kuketi na wakutubi meza moja. Watu wengi hudhani kwamba ukibonyeza kitufe cha kutafuta katika tovuti, mashine huanza kusoma kila ukurasa. Ingefanya hivyo, msomaji angesinzia. Mashine iliyoundwa vyema huwa imekwisha kuandaa faharasa yake mapema, kama ile ya nyuma ya kitabu: mbele ya kila neno pana orodha ya nambari za nyaraka zenye neno hilo.

Ubaya ni kwamba faharasa hulijua neno lilivyoandikwa tu. Nyaraka za kikoloni ziliandika Masai kwa herufi moja ya a, leo huandikwa Maasai. Makarani Waitaliano waliandika Mogadiscio, wengine Mogadishu. Zaidi ya hayo, programu nyingi za kutafutia ziliundwa kwa ajili ya Kiingereza, ambacho huonyesha wingi mwishoni mwa neno. Kiswahili hubadilisha mwanzo. Programu isiyofunzwa hivyo itamwonyesha mtafuti mkulima na kumficha wakulima, itampa shamba na kumnyima mashamba. Kosa hili halimpigii mtu kengele. Msomaji huambiwa hakuna kilichopatikana, akaenda zake akiamini kwamba hakipo.

Wakutubi walikuwa na dawa ya tatizo hili tangu enzi za makabati ya kadi. Kadi ya Zuzarte ilipaswa kumwelekeza msomaji kwa Murumbi, na ya Murumbi kumrudisha kwa Zuzarte. Katika hifadhidata ya kisasa, mtu mmoja hupewa rekodi moja yenye nambari yake, na majina yote aliyowahi kuitwa yakafungwa katika rekodi hiyo. Si kazi ngumu kwa fundi. Linalohitajika ni mtu anayezijua habari za Murumbi, wa kumwambia fundi kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja.

Gharama ya nyaraka zisizotafutika ilidhihirika mwaka wa 2011. Wazee wa Kenya waliosema waliteswa wakati wa hali ya hatari walikuwa wameishtaki serikali ya Uingereza mjini London. Ndipo ilipofichuka kwamba faili zipatazo 1,500, zilizosafirishwa kutoka Kenya wakati wa kupata uhuru, zilikuwa zimefungiwa Hanslope Park, nje ya London. Kenya iliomba zirudishwe mnamo 1967, ikakataliwa. Kwa kuwa hazikuwa katika katalogi yoyote ya umma, mtafiti angeandika neno lolote kwa karibu nusu karne asipate kitu. Juni 2013, Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kugharimia fidia ya watu 5,228 na kesi yao. Wengi wa wenzao walikuwa wamekwisha kufariki.

Murumbi hakuishi kuyaona hayo. Aliaga dunia Juni 22, 1990, akiwa na umri wa miaka 79. Alikuwa ameomba azikwe karibu na Pinto, na ombi hilo likatimizwa katika bustani ya City Park. Katika miaka iliyofuata sehemu za bustani hiyo zilinyemelewa na wanyakuzi wa ardhi, hata kaburi lake likawa hatarini. Sheila alifariki mwaka wa 2000, naye akazikwa kando yake. Mnamo 2009 eneo hilo lilifunguliwa kuwa bustani ya kumbukumbu yao, ikiwa na sanamu za wachongaji ambao Murumbi alinunua kazi zao wakati ambapo wachache jijini walizijali.