Meredith: Winga aliyezama kwa pauni 10, akaibuka United

Miaka mingi kabla ya George Best, winga aliyewatesa mabeki jijini Manchester aliitwa Billy Meredith. Ni mtoto wa Chirk, Wales, aliyeingia mgodi wa makaa ya mawe akiwa na miaka 12. Uwanjani alikimbia na kijiti cha meno mdomoni.

Alitua Manchester City mwaka 1894. Mwaka 1904, akiwa nahodha, alifunga bao pekee lililoizamisha Bolton kwenye fainali ya Kombe la FA.

Mwaka mmoja tu, mambo yakaharibika. Aprili 1905, mechi ya mwisho ya ligi, City ilikwenda kwa Aston Villa ikisaka ushindi wa kubaki kwenye mbio za ubingwa. Ikachapwa 3-2. Kisha ikavuja kwamba Meredith alimwahidi nahodha wa Villa, Alec Leake, pauni 10 ili waachie mechi. FA ikamfungia.

Mwanzoni alikana katakata. Lakini City ilipomtosa bila hata hela ya kujikimu, akatoboa siri: kocha Tom Maley ndiye aliyemtuma, na klabu ilikuwa ikiwalipa wachezaji kwa mlango wa nyuma zaidi ya pauni 4 kwa wiki, kiwango cha juu kilichoruhusiwa.

Mwaka 1906 FA ikashusha rungu. Wachezaji 17 wakafungiwa, Maley naye akapigwa marufuku. Kikosi kikasambaratika.

Januari 1, 1907, Meredith alirudi na jezi ya Manchester United, dhidi ya Villa wale wale. United ikashinda 1-0. Akabeba ubingwa 1908 na 1911, na Kombe la FA 1909.

Kosa lake halifutiki. Kununua mechi ni kumwibia shabiki aliyelipa kiingilio. Ila yeye aliujua mzizi wake: klabu iliyozoea bahasha za siri kwenye mishahara haioni taabu kutoa bahasha nyingine kwa mpinzani. Ndiyo maana Desemba 1907 alikuwa mstari wa mbele kuanzisha chama cha wachezaji, kudai walipwe haki yao hadharani.

Alicheza hadi 1924, akikaribia miaka 50. Alifariki Aprili 1958. Miaka mitatu baadaye, kikomo cha mishahara kikafutwa Uingereza. Mzee hakukiona.