Maisha ya Josh Gibson na swali la nani anastahili kuitwa nyota

Kila mara orodha ya wachezaji wa Leopards inapotangazwa, katika homu yetu hakuna anayesoma usiku ule. Huyu kaitwa kwa nini? Yule kaachwa kwa kosa gani? Mmoja analeta hesabu ya magoli, mwingine anajibu kwamba magoli ya ligi dhaifu hayana uzito, wa tatu anaapa kwamba kocha anajuana na mjomba wa mchezaji. Usiku mmoja wa namna hiyo, mwenzangu wa chumbani, mtu wa kupenda sana tarakimu, alitoa hukumu yake: mabishano yote yangekwisha kama tungetazama takwimu tu. Mwenye takwimu nzuri aitwe, asiye nazo abaki nyumbani.

Sikuwa na jibu usiku ule. Nililipata baadaye, mahali nisipotarajia: katika maisha ya mtu wa Marekani aliyecheza besiboli, mchezo ambao wengi wetu hapa hatujawahi kuuona uwanjani. Mtu huyo alikufa mwaka 1947. Jina lake Josh Gibson.

Kwanza tuelewane juu ya mchezo wenyewe. Timu ni mbili, kila moja ina watu tisa uwanjani. Mrushaji anatupa mpira mdogo mgumu, na mpigaji wa timu pinzani anajaribu kuupiga kwa gongo la mti. Nyuma ya mpigaji anachuchumaa mdakaji, ambaye huupokea mpira usiopigwa na kumwongoza mrushaji kwa ishara za vidole. Mpigaji akiupiga mpira ukavuka ukuta wa uwanja, anazunguka vituo vyote vinne bila kuzuiwa na mtu. Hilo ndilo pigo kubwa kuliko yote. Gibson alikuwa mdakaji, kazi inayoumiza magoti na kuvunja vidole, na kwa kawaida mdakaji hatazamiwi kuwa bingwa wa kupiga. Yeye alikuwa bingwa wa kupiga.

Alizaliwa tarehe 21 Desemba 1911, Buena Vista, katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Baba yake alitangulia kwenda Pittsburgh, mji wa viwanda vya chuma huko kaskazini, akapata kazi, kisha akawaita mke na watoto. Sisi ambao babu zetu walifika Katanga kwa kutafuta kazi ya mgodi tunaielewa safari hiyo bila kufafanuliwa. Josh aliacha shule mapema baada ya kujifunza mambo ya umeme, akafanya kazi kiwandani, tena akaendesha lifti katika duka kubwa la mjini. Jioni alicheza besiboli katika timu za mitaa. Mwaka 1930, akiwa na miaka 18, alichukuliwa na Homestead Grays, mojawapo ya timu kubwa za Weusi. Inasimuliwa kwamba alikuwa amekaa kama mtazamaji tu, mdakaji wa Grays akaumia kidole, naye akaitwa kutoka jukwaani. Wachunguzi wa historia wana mashaka na kisa hiki, lakini kimeshikamana na jina lake kama visa vya kuzaliwa kwa mashujaa tunavyovisoma katika kozi ya fasihi simulizi.

Lisilo na shaka ni kwamba mwaka huohuo alipata msiba. Mke wake Helen alifariki akijifungua mapacha, mvulana na msichana. Watoto walipona, wakalelewa upande wa mama yao, kwa sababu baba alikuwa njiani siku zote. Timu za Weusi ziliishi ndani ya basi: leo mji huu, kesho ule, mara nyingine michezo miwili au mitatu kwa siku, na katika miji mingi hoteli na mikahawa haikuwapokea.

Kwa nini timu za Weusi? Hapakuwa na sheria iliyoandikwa ya kumkataza mtu mweusi kucheza katika Ligi Kuu ya Marekani. Palikuwa na mapatano ya kimyakimya ya wenye timu, yaliyoshikwa tangu mwisho wa karne ya 19, na mapatano hayo yalikuwa na nguvu kuliko sheria. Basi Weusi wakaanzisha ligi zao, zenye nyota zao na mashabiki wao.

Mwaka 1932 Gibson alihamia Pittsburgh Crawfords, timu ya Gus Greenlee, tajiri aliyepata fedha zake kwa bahati nasibu isiyo halali. Katika miaka ya Greenlee walipita hapo Satchel Paige, mrushaji mwenye maneno mengi na mkono usiokosea, Cool Papa Bell aliyekimbia kuliko wote, Judy Johnson na Oscar Charleston. Majina haya matano yote yapo leo katika Jumba la Mashujaa wa besiboli.

Sasa nafika mwaka 1933, ambao ndio kiini cha makala hii. Tarehe 6 Julai, katika uwanja wa Comiskey Park mjini Chicago, ulichezwa mchezo wa kwanza wa nyota wote wa Ligi Kuu. Wazo lilikuwa la Arch Ward, mwandishi wa michezo wa gazeti la Chicago Tribune, wakati mji ulipokuwa na maonyesho makubwa ya kimataifa. Mashabiki walipiga kura kwa karatasi zilizochapwa katika magazeti. Babe Ruth, Mzungu aliyekuwa maarufu kuliko wachezaji wote, alipiga mpira ukavuka ukuta, na nchi nzima ikafurahi kwamba wananchi wenyewe walikuwa wamechagua walio bora.

Tarehe 10 Septemba ya mwaka huohuo, katika uwanja uleule, Weusi walicheza mchezo wao wa nyota, Mashariki dhidi ya Magharibi. Huko pia waliochagua ni mashabiki, kwa kura zilizopita katika magazeti ya Weusi kama Chicago Defender na Pittsburgh Courier. Magharibi ilishinda 11 kwa 7. Uwanja ni mmoja, mwaka ni mmoja, na orodha ni mbili za walio bora. Katika orodha ya kwanza Gibson hakuachwa kwa kuwa alipata kura chache. Jina lake halikuweza hata kuwekwa kwenye karatasi.

Katika orodha ya pili jina lake liliwekwa, na hapo mabishano yakawa ya haki. Mdakaji wa kuanza upande wa Mashariki awe nani? Gibson alikuwa na miaka 21. Mshindani wake, Biz Mackey, alikuwa na miaka 36. Kwa gongo, kijana alikuwa amekwisha kumpita mzee. Lakini Mackey alikuwa mwalimu nyuma ya mpigaji. Aliweza kumrushia mpira mtu anayeiba kituo huku yeye mwenyewe amechuchumaa. Aliwasoma wapigaji, alijua kumtuliza mrushaji aliyeanza kupoteza njia. Gibson wakati ule bado alikuwa anajifunza kudaka, na mipira iliyopanda juu sana ilimtatiza. Mashabiki walimchagua Mackey.

Nilipomweleza mwenzangu wa chumbani habari hii, alisema papo hapo kwamba walikosea. Mimi sioni hivyo. Wale watu walilipa kiingilio, walikaa juani, waliona kazi ya mdakaji mchezo mzima, na walithamini jambo ambalo tarakimu za siku zile hazikuweza kulionyesha. Mackey ndiye baadaye aliyemfundisha udakaji kijana mmoja aliyeitwa Roy Campanella, na jina hilo tutalikuta tena. Mackey mwenyewe aliingizwa katika Jumba la Mashujaa mwaka 2006, miaka mingi baada ya kifo chake.

Tangu hapo Gibson alikomaa, na mashabiki wakamwita tena na tena kwenye mchezo wa Mashariki na Magharibi. Mchezo huo ukawa sikukuu. Watu walisafiri kwa treni kutoka miji ya mbali kufika Chicago, wamevaa nguo zao nzuri, na mwaka 1943 watazamaji walizidi 50000. Mwaka 1937 alirudishwa Grays kwa kubadilishana wachezaji na dola 2500. Mwaka huohuo alikwenda na Paige na Bell katika Jamhuri ya Dominika, kuchezea timu iliyobeba jina la Trujillo, mtawala wa mabavu wa nchi hiyo, wakachukua ubingwa. Miaka ya 1940 na 1941 alicheza Venezuela na Mexico, nchi ambako mchezaji mweusi na mweupe walivaa jezi moja, kisha akarudi Grays.

Buck Leonard, mwenzake wa Grays, alisimulia baadaye kwamba Clark Griffith, mwenye timu ya Ligi Kuu mjini Washington, aliwaita yeye na Gibson ofisini mwake akazungumza nao juu ya uwezekano wa kuwachukua. Grays walikuwa wakikodi uwanja wa Griffith, kwa hiyo aliwaona kwa macho yake. Mazungumzo yalikwisha, wakashukuru, wakatoka. Hawakuitwa tena.

Mwanzoni mwa 1943 Gibson alianguka, akapoteza fahamu, na ikajulikana kwamba alikuwa na uvimbe katika ubongo. Maumivu ya kichwa, pombe na vipindi vya kulazwa hospitalini vilimfuata hadi mwisho. Hata hivyo alizidi kupiga. Alifariki Pittsburgh tarehe 20 Januari 1947, kwa kiharusi, mwenye miaka 35. Haikupita miezi mitatu, tarehe 15 Aprili, Jackie Robinson akaingia uwanjani Brooklyn, na mapatano ya kimyakimya yakavunjika. Mwaka 1949 Weusi wa kwanza walicheza katika mchezo wa nyota wa Ligi Kuu: Robinson, Larry Doby, Don Newcombe na, katika nafasi ya mdakaji, Roy Campanella, yule mwanafunzi wa Mackey. Gibson angekuwa na miaka 37. Kaburi lake lilikaa bila jiwe la jina hadi 1975, miaka mitatu baada ya yeye kuingizwa katika Jumba la Mashujaa.

Tuje kwenye tarakimu. Bamba lake katika Jumba hilo linamhesabia karibu mapigo 800 ya kuvuka ukuta, pamoja na michezo isiyo ya ligi. Mwaka 2020 Ligi Kuu ilikubali kwamba ligi za Weusi za miaka 1920 hadi 1948 nazo zilikuwa ligi kuu, na mwaka 2024 takwimu zake zikaingizwa katika daftari moja na za Wazungu. Katika daftari hilo mapigo ya Gibson ya kuvuka ukuta hayafiki 200, maana michezo ya ligi tu ndiyo inayohesabiwa. Lakini wastani wake wa kupiga ni 0,372, yaani katika kila mara 1000 alizohesabiwa, alifaulu mara 372. Hakuna aliye juu yake, hata Ty Cobb, aliyeshika nafasi hiyo kwa miongo mingi.

Mwenzangu alifurahi: unaona, takwimu zimemtendea haki! Nikamwuliza, zimetoka wapi? Zimetoka kwa watafiti waliokaa miaka na miaka wakipekua magazeti ya zamani ya Weusi, mchezo kwa mchezo. Mwaka 1946 ungeomba takwimu za Gibson katika daftari la Ligi Kuu, ungekuta ukurasa mweupe. Mtu alikuwapo, mapigo yalikuwapo, mashahidi walikuwapo, ila mwandishi wa daftari hakuagizwa kumtazama. Takwimu hazisemi uongo, lakini zinajua tu kile kilichoandikwa.

Babu yangu alicheza mpira katika timu ya wafanyakazi Likasi. Alipotuhadithia magoli yake tulicheka, kwa sababu hapakuwa na karatasi. Sidai leo kwamba kila goli lile lilifungwa, wala sidai kwamba Gibson alifikisha 800. Katika kitivo chetu tunafundishwa kupima masimulizi, kulinganisha wasimulizi, kutenga chumvi na chakula. Kazi hiyo sikuwahi kumfanyia babu yangu, na sasa hayupo.

Wala kura peke yake si dawa. Mwaka 1957 mashabiki wa Cincinnati walituma karatasi nyingi mno hata wakajaza timu ya nyota kwa wachezaji wao, na mkuu wa besiboli akalazimika kuwaondoa wawili ili nafasi zao ziende kwa Willie Mays na Hank Aaron. Basi orodha inayofuata ikitangazwa, kabla sijauliza nani anastahili, nitauliza nani alitazamwa na nani hakufikiwa na macho ya mchaguzi.

Kuhusu mwaka 1933, mwenzangu bado anashikilia Gibson. Mimi, kama ningekuwa na karatasi mkononi, ningempa Mackey kura yangu mwaka ule, na Gibson kuanzia mwaka uliofuata. Mwenye hoja ya kunipinga ailete, ukurasa wa toleo lijalo upo wazi.