Abbas ibn Firnas: Tumsifu kwa kuruka au tujifunze kwa kuanguka?

 

Ndugu msomaji, katika mihadhara yetu inayohusu mchango wa Waislamu katika elimu, jina la Abbas ibn Firnas halikosekani. Mhadhiri hutueleza kuwa Muislamu huyu wa Andalusia aliruka angani zaidi ya miaka elfu moja kabla ya wale ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright. Takbira hupigwa, majamvi yakakunjwa, kila mtu akashika njia ya kwake. Mimi sina ugomvi na takbira. Ninachohoji ni kwamba tunasimulia nusu tu ya maisha ya mzee huyu, nayo ni ile nusu isiyotudai kitu. Leo nakusudia kuyasimulia maisha yake hadi pale alipoumia mgongo, kwani kwa maoni yangu somo letu liko hapo.

Abu al-Qasim Abbas ibn Firnas alizaliwa karibu mwaka 810 Miladia katika wilaya ya Takurunna, kwenye mji unaojulikana leo kama Ronda, kusini mwa Hispania. Nasaba yake ilikuwa ya Kiberberi. Maisha yake ya kazi aliyapitisha Cordoba, makao makuu ya maamiri wa Banu Umayya wa Andalusia, na akapata kutumikia kasri katika zama za Amiri Abdurrahman wa Pili, aliyetawala kuanzia mwaka 822 hadi 852, kisha zama za mwanawe, Amiri Muhammad, aliyetawala hadi mwaka 886.

Huyu hakuwa mtu wa fani moja. Alikuwa mshairi wa kasri, na alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuifahamu na kuifundisha Andalusia elimu ya mizani ya mashairi iliyoasisiwa na al-Khalil ibn Ahmad wa Basra. Alijua muziki na elimu ya nyota. Lakini kilichomtofautisha na wasomi wengi wa wakati wake ni kwamba alikuwa pia fundi, mtu wa kushika patasi na moto. Wakati huo mawe ya bilauri yaliyochimbwa Andalusia yalikuwa yakipelekwa Misri kukatwa, kwa kuwa Cordoba haikuwa na fundi wa kazi hiyo. Ibn Firnas akabuni namna ya kuyakata hapohapo nyumbani. Aidha, alitafuta njia ya kutengeneza kioo kutokana na mawe, akaunda saa ya kuendeshwa kwa maji, na akaunda chombo cha duara za chuma cha kuonyeshea mwendo wa nyota.

Nyumbani kwake alijenga chumba cha ajabu. Aliyeingia humo na kutazama juu aliona mfano wa mbingu: nyota, mawingu na radi, pamoja na kusikia ngurumo. Vyote hivyo vilifanywa kwa mitambo aliyoiunda mwenyewe. Naomba msomaji aliweke akilini jambo hili la nyumbani, kwa sababu ndege yake nayo haikutoka katika kiwanda cha dola. Ilitoka katika mikono ya mtu mmoja na zana zake.

Kuruka kwake wengi hukuweka karibu mwaka 875, wakati akiwa mzee wa miaka sitini na kitu. Habari yenyewe imetufikia hasa kupitia kwa al-Maqqari, mwanahistoria mzaliwa wa Tlemcen huko Algeria, aliyefariki Cairo mwaka 1632. Anaeleza kwamba Ibn Firnas aliuvika mwili wake manyoya, akajifunga mbawa mbili, akapanda mahali pa juu na kujirusha hewani. Akaenda masafa ya kuridhisha mfano wa ndege, lakini katika kutua akaumia vibaya mgongo. Sababu inayotajwa ni kuwa hakuzingatia kwamba ndege anapotua hutegemea mkia wake, naye hakujiundia mkia.

Hapa nasimama kidogo ili tuwe wakweli. Baadhi yetu husema aliruka kwa dakika kumi. Al-Maqqari hakutaja dakika hata moja. Tena aliandika miaka zaidi ya 700 baada ya tukio, akinukuu waliomtangulia. Je, basi habari yote ni ngano? La hasha. Ushahidi wa zamani zaidi tulionao ni wa mtu aliyeishi zama zilezile, Mu'min ibn Said, naye ni mshairi wa kasri la Amiri Muhammad. Huyu hakuwa rafiki wa Ibn Firnas. Alitunga beti za kumkejeli kwa kuvaa manyoya ya tai na kutaka kushindana na ndege. Allah ana hekima zake, kwani maneno yaliyotungwa ili mzee achekwe ndiyo leo yanayotuthibitishia kwamba kweli alijaribu. Haki haihitaji kuongezewa chumvi, na Muislamu hana ruhusa ya kusema uongo hata kwa ajili ya kuutukuza Uislamu.

Sasa tuutazame huo mkia. Kila aliyewahi kumtazama kunguru akitua juu ya paa ameona kitu hiki: akikaribia, hutanua mkia na kuuinamisha, mwili ukasimama, mwendo ukapungua, ndipo miguu ikagusa paa taratibu. Ndege za kawaida tunazopanda zina mkia kwa sababu hiyohiyo. Bawa dogo la nyuma huzuia pua isiinuke wala kuzama ovyo, na rubani akitaka kutua huitumia sehemu yake inayokunjika kuinua pua na kupunguza kasi. Ibn Firnas alipata kitu cha kumbeba. Hakupata kitu cha kumtuliza. Kosa lake, basi, halikuwa la kijinga, kwani alikuwa amekwishavuka nusu ya njia.

Zaidi ya mbawa, kuna watu waliomzunguka. Kulikuwa na watawala waliompa nafasi ya kufanya kazi. Kulikuwa na mshairi aliyecheka. Na kulikuwa na watu wa mtaani waliomtuhumu. Mtu ambaye nyumba yake inanguruma radi bila mvua atasalimika vipi na maneno ya majirani? Alishitakiwa kwa uchawi na uzushi katika dini, akafikishwa mbele ya kadhi wa Cordoba. Kadhi alisikiliza mashahidi, akaona maneno yao hayana uzito, na mzee akaachiwa huru. Kadhi yule hakuwa mtaalamu wa mitambo, lakini alijua tofauti ya ushahidi na uvumi, na kwa hilo peke yake aliiokoa elimu. Kwetu sisi, ambako mtu akisemwa kuwa anaruka basi kinachofikiriwa kwanza ni ungo wa usiku, tunawahitaji makadhi wa namna hiyo katika kila mtaa.

Ibn Firnas alifariki mwaka 887, sawa na 274 Hijiria. Dunia haikumsahau. Kuna shimo la mwezini lililopewa jina lake, kuna sanamu yake Baghdad, na Cordoba yenyewe ilifungua daraja lenye jina lake mwaka 2011. Lakini jambo linalonisikitisha mimi ni lile lililotokea baada ya kifo chake, au tuseme lile ambalo halikutokea. Miaka mia na ushei baadaye, mwanzoni mwa karne ya 11, katika mji wa Nishapur, mwanachuoni mkubwa wa lugha al-Jawhari, mtunzi wa kamusi mashuhuri ya Kiarabu iitwayo al-Sihah, alijifunga mbawa za mbao, akapanda juu ya paa la msikiti na kujirusha. Alianguka akafa. Aliruka kana kwamba mzee wa Cordoba hakuwahi kuwepo. Kuumia kwa mmoja hakukuwa somo kwa mwingine, kwa kuwa hapakuwa na karakana iliyorithi zana za Ibn Firnas, wala mwanafunzi aliyeandika kipimo cha mbawa, wala mtu aliyesema kwamba sasa tujaribu tena, safari hii na mkia.

Linganisha na hao ndugu Wright. Walikuwa mafundi baiskeli wa mji wa Dayton, Ohio, na hakuna kati yao aliyekuwa na shahada ya chuo kikuu. Mjerumani Otto Lilienthal alikuwa ameanguka na kufariki mwaka 1896 baada ya kuruka mara nyingi kwa mbawa zisizo na injini. Wao walisoma maandishi yake, wakatumia vipimo vyake, wakaona baadhi havikubaliani na walichokiona kwa macho. Mwaka 1901 waliunda sanduku la kupitishia upepo na kupima humo sampuli kama 200 za mbawa. Walijaribu kwanza kwa vyombo visivyo na injini, wakavunja, wakatengeneza. Tarehe 17 Desemba 1903 wakaruka kwa sekunde 12, umbali wa mita 37 hivi. Mita 37! Hata uwanja wa mpira hauvuki. Lakini kila kuanguka kulikuwa kumeandikwa katika daftari, na daftari ndilo lililowafikisha.

Ndugu msomaji, hii si hadithi ya mbali. Kenya na Tanzania magazeti yamewahi kuandika habari za vijana waliojiundia ndege au helikopta nyuma ya nyumba, kwa mabomba ya chuma, mabati na injini za magari. Tulifanya nini? Wengi tulicheka kama Mu'min ibn Said. Wachache waliosifu, walisifu kwa mdomo. Ni nani aliyemwendea kijana na kumuuliza kuhusu mkia wake, uzito wake, na nani atakayemkagulia kabla hajawasha? Na hapa nisieleweke vibaya. Sisemi vijana wapande mapaa ya misikiti. Nafsi ni amana, na Aya ya 195 ya Surat al-Baqara inatukataza kujiingiza wenyewe katika maangamizi. Ndege iliyoundwa nyumbani ni halali katika nchi nyingi, lakini kwa ukaguzi, kwa vibali vya mamlaka ya anga, na kwa kujaribiwa hatua kwa hatua. Kijana hatajua hayo kama hakuna mkubwa aliye karibu naye.

Hivyo basi, pendekezo langu ni dogo. Tunachangishana kwa moyo mkunjufu kujenga misikiti na madarasa, na Allah atulipe kwa hilo. Katika kila shule yetu ya Kiislamu, tuongeze chumba kimoja: meza imara, jiliwa, msumeno, vipimo, mwalimu mmoja fundi, na daftari kubwa linaloandikwa kila kilichojaribiwa na kila kilichovunjika, lisilotolewa chumbani hata mwanafunzi akihitimu. Surat al-Mulk, Aya ya 19, inatutaka tuwatazame ndege walio juu yetu, wanavyokunjua na kukunja mbawa. Mzee wa Cordoba aliwatazama mpaka akapata mbawa, ukabaki mkia. Aliyeuona upungufu ule akauandika ametuachia kazi, na kazi hiyo haifanywi kwa takbira peke yake.

Allah amrehemu Abbas ibn Firnas, na atujaalie tuwe warithi wa kazi yake badala ya kuwa wasifiaji wa jina lake. Wabillahi tawfiq.