Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui na Deni la Vyuo Vikuu

Aghalabu mjadala kuhusu dhima ya vyuo vikuu katika nishati na maendeleo endelevu huanzia kwenye malengo 17 yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015. Lengo la 4 linahusu elimu bora, na lengo la 7 nishati safi na nafuu kwa wote. Makala haya yanadhamiria kuanzia mahali pengine: katika vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa, kwa mwanachuoni aliyetumia kalamu yake kuwahimiza watu wa pwani watafute elimu ya dini pamoja na ya dunia.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1891, katika ukoo uliowahi kuutawala mji huo hadi mwaka 1837. Babake alifariki yeye akiwa mtoto mdogo, akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Baadaye alisoma Unguja kwa masheikh wakubwa wa zama zile, akiwemo Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir. Alisoma pia jarida la al-Manar, lililotolewa Cairo na Muhammad Rashid Rida, na kutoka humo akapata fikra za mageuzi zilizokuwa zikivuma Misri.

Mji aliokulia ulikuwa ukigeuka upesi. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Ziwa Nyanza mwaka 1901. Mwaka 1908, Al-Amin akiwa barobaro wa miaka 17, mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, alinunua mtambo wa umeme uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, ikaundwa kampuni ya kukipatia kisiwa umeme. Mwaka 1922 kampuni hiyo iliungana na ile ya Nairobi. Katika miaka hiyo ya 1920, meli kubwa zilianza kufunga gati Kilindini, na Bandari ya Kale, makao ya majahazi yaendeshwayo na pepo za kaskazi na kusi, ikazidi kupungukiwa na kazi.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Wapwani walikuwa mabingwa wa kuutumia upepo karne nyingi kabla ya istilahi ya nishati jadidifu kutungwa. Hata hivyo, ujuzi wao ulirithishwa kwa kutazama na kutenda, na injini zilipoingia, hapakuwa na chuo mjini cha kuwafunza vijana wao kuziunda wala kuzitengeneza. Neno lenyewe, chuo, kwa Mpwani lilikuwa na maana ya mahali mtoto anapofunzwa Kurani. Elimu ya mitambo ilikuwa nje ya mlango huo.

Sheikh Al-Amin aliuona upungufu huu mapema. Mwaka 1930 alianza kutoa Sahifa, gazeti dogo la Kiswahili, na mwaka 1932 akafuatisha al-Islah, lililoandikwa kwa Kiswahili na Kiarabu. Humo alijadili sababu za Waislamu wa pwani kubaki nyuma, akahimiza shule, akatetea elimu ya wasichana, na akawaonya wasomaji wake dhidi ya kuiga mambo ya Wazungu bila kupambanua lenye manufaa na lisilo nayo. Baadhi ya makala hayo yalikusanywa katika kitabu chake Uwongozi. Msimamo wake haukuwapendeza wote, kwani alizikosoa pia baadhi ya mila zilizozoeleka katika dini. Lakini hakuishia kwenye maneno: katika miaka hiyo ya 1930 alianzisha Madrasa ya al-Ghazali. Mwaka 1937 alifanywa Kadhi Mkuu wa Kenya, wadhifa aliokuwa nao hadi alipofariki mwaka 1947.

Mwaka mmoja tu baadaye, 1948, Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa ilipata uhai wa kisheria, kwa msaada wa Aga Khan, Sultani wa Zanzibar, jamaa ya Mabohora na serikali ya kikoloni. Shabaha yake ilikuwa kuwapa Waislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951. Hatudai kwamba kalamu ya Sheikh ndiyo iliyoijenga. Tunachosema ni kwamba hoja aliyoipigania tangu 1930 hatimaye ilipata paa na karakana.

Mwanawe, Ali Mazrui, alipokosa nafasi Makerere, alifanya kazi ya ukarani katika taasisi hiyohiyo kabla ya kwenda Uingereza kusoma. Taasisi ilifunguliwa kwa watu wote, ikawa politekniki mwaka 1972, na mwaka 2007 ikafanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Chansela wa chuo kikuu hicho wakati huo alikuwa Profesa Ali Mazrui, karani wa zamani. Mwaka 2013 ikawa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa.

Je, deni limelipwa? Kwa upande wa majengo na shahada, hatua kubwa imepigwa. Lakini tusisahau kwamba Sheikh Al-Amin, aliyeijua vyema lugha ya Kiarabu, alichagua kuwaandikia watu wa mji wake kwa Kiswahili. Leo tafiti nyingi za vyuo vyetu kuhusu jua, upepo na gesi ya samadi huandikwa kwa Kiingereza na kuhifadhiwa maktabani, ilhali mama anayepikia makaa katika chumba kisicho na dirisha, na nahodha anayetia mafuta katika mashine ya mashua yake, hawafikiwi na hata ukurasa mmoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hapo ndipo sisi wanafunzi wa Kiswahili tunapohusika. Mhandisi akishabuni jiko au mtambo, ni wajibu wetu kusaidia kutunga istilahi, kufasiri matokeo na kuyafikisha mitaani kwa lugha inayoeleweka. Sheikh alilifanya hilo kwa gazeti dogo la mkono mmoja. Sisi tuna idara, matbaa na intaneti. Tukishindwa, hatutakuwa na udhuru.